Jaribio la Kunyamaza

Kila Jumamosi asubuhi Joviale alikuwa na kazi tatu kabla ya kwenda skauti: kuchota maji bombani, kuosha vyombo vya jana, na kunyoosha sare yake kwa ile pasi ya makaa iliyopenda kutapika majivu. Jumamosi hii alizifanya zote tatu kama mtu aliyetumwa na adui yake. Maji aliyamwaga nusu njiani. Kola ya shati aliipiga pasi mara nne, na bado ilibaki imekunjamana.

Mama yake, Maman Micheline, alikuwa amekaa mlangoni akimenya mihogo. Macho yake hayakuwa kwenye mihogo.

"Joviale, wiki nzima haukule vizuri. Uko mugonjwa?"

"Hapana, maman. Niko muzima."

"Bazima banakulaka," mama akasema, akaendelea na kisu chake.

Neno hilo "muzima" lilimchoma Joviale. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikuwa kiongozi wa kikosi cha Korongo, wasichana saba katika kundi la skauti la mtaa wao huko Bagira. Wiki moja iliyopita neno hilohilo lilimtoka mdomoni, na tangu siku hiyo chakula hakikumpita kooni.

Kundi lilikuwa limepanda kilima kimoja karibu na kijiji cha Miti kwa kambi ya siku moja. Siku hiyo baadhi ya watoto walikuwa wanatafuta jina la porini, yaani jina la mnyama ambalo skauti hupewa jioni mbele ya moto. Lakini jina hilo halikutolewa bure. Anayelitafuta alipaswa kunyamaza tangu asubuhi hadi moto uwashwe. Akitamka hata neno moja, anangoja mwaka mwingine, na kikosi chake kinanyang'anywa bendera.

Bintu, mtoto wa miaka kumi, ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote katika kikosi cha Korongo, naye alikuwa mmoja wa waliotafuta jina. Saa nne asubuhi alianza kushika tumbo upande wa kulia. Alimvuta Joviale shati, akamwonyesha tumbo kwa kidole, machozi yakimlengalenga. Joviale aliona vizuri kabisa. Aliinama akamnong'oneza, "Kaza roho. Ukisema sasa, tunapoteza bendera."

Saa sita mchana Chef Elysée (chef ndivyo walivyomwita kiongozi), mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa msimamizi wa siku hiyo, alipita kwenye kila kikosi akiuliza hali. Bintu alikuwa amejikunja nyuma ya mizigo. Joviale alisimama mbele ya mizigo hiyo, akajibu upesi, "Bote bazima, chef."

Moto haukuwashwa. Kabla ya jua kuzama Bintu alianguka, na Elysée akamkimbiza mjini kwa pikipiki ya kukodi, amempakata kifuani. Ilikuwa apandisiti, ugonjwa wa kidole tumbo, na ilikuwa imekwisha kupasuka tumboni. Madaktari walimpasua, akapona kifo, lakini mpaka leo alikuwa bado amelala hospitalini. Mama yake Bintu alipomuuliza Joviale kama aliona dalili yoyote, Joviale alimtazama usoni akasema hakuona kitu. Alisema mara moja tu, lakini mara moja ilitosha.

Leo viongozi walikuwa wanakutana. Hakuna hata mmoja wao aliyelipwa kwa kazi ya skauti. Kila mmoja alikuwa na shughuli zake, na Jumamosi walijitolea tu. Walikaa katika darasa moja la shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani. Viongozi wa vikosi, Joviale akiwa mmoja wao, walikaa nyuma. Ndivyo desturi ilivyokuwa: mtoto anayeongoza wenzake ana haki ya kusikia baraza, na akiomba ruhusa anaweza kusema.

"Tuko na maneno mbili," akaanza Papa Honoré, mkuu wa kundi. "Ya kwanza, ile jaribio ya kunyamaza ibakie ao itoke. Ya pili ni juu ya Chef Elysée."

Cheftaine Agnès, kiongozi wa kike ambaye kazi yake ilikuwa uuguzi, hakungoja kuambiwa mara mbili. "Itoke. Mutoto anaumwa siku nzima, na sheria yetu njo inamufunga kinywa. Sijue tunangoja nini."

"Sheria haikukosa," akasema Chef Théodore. Huyu alikuwa seremala mwenye mvi, na skauti tangu utoto wake. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Nusu ya madawati ya shule ile aliyatengeneza yeye bila kudai kitu. "Mutu njo alikosa. Miaka makumi tatu batoto banapita hii jaribio. Inabafundisha kujishika. Mimi mwenyewe nilinyamaza siku nzima na malaria, na sikufe."

"Haukufe, njo maana uko hapa unatuelezea," akajibu Agnès. "Mwenye alikufa hawezi kuja mu reunion."

Théodore alijikohoza, kisha akamgeukia Elysée.

"Sheria inasema chef apite saa sita, aulize hali ya batoto. Ulipita?"

"Nilipita."

"Uliuliza?"

"Niliuliza."

"Nani alikujibu?"

Elysée alitazama mikono yake. Hakugeuza macho kwenda nyuma walikokaa watoto, na kule kutogeuza macho kulimuuma Joviale kuliko kofi. "Sitataja jina ya mutoto," akasema. "Mimi njo nilikuwa mukubwa pale. Ningeangalia na macho yangu."

"Kama hana jina ya kutaja, basi hakupita," Théodore akakata shauri. "Mi naona hivi. Jaribio ibakie. Elysée arudishe fulari yake, kusudi bazazi bajue tumefanya kitu."

Fulari ni kile kitambaa cha shingoni, na kiongozi anayeambiwa akirudishe amefukuzwa. Elysée ndiye aliyewafundisha Joviale na wenzake kusoma ramani na kutengeneza machela kwa mashati mawili na fito mbili. Akifukuzwa leo, Bagira nzima itamjua kama chef aliyetaka kuua mtoto wa watu, naye atabeba jina hilo bila kosa. Na mwakani mtoto mwingine atapandishwa kilimani na kuambiwa anyamaze.

Papa Honoré alitazama kulia na kushoto. "Mwenye anakubali na Théodore, anyanyue mukono."

Mkono ulionyanyuka kwanza ulikuwa wa Joviale, na haukuwa wa kukubali.

"Papa Honoré, naomba kusema." Sauti ilimtoka nyembamba. "Chef Elysée alipita. Aliniuliza mimi. Bintu alikuwa nyuma ya mizigo, anaumwa, na mimi nilijua tangu asubuhi. Nilisema bote bazima."

Agnès alifumba macho. Elysée aliinua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Juu ya nini ulidanganya?" akauliza Théodore. Hakuuliza kwa ukali. Alionekana kama mtu anayetaka kweli kujua sababu.

Joviale alikuwa na jibu, ila lilikuwa zito kumwambia mtu mzima. "Mwaka jana mimi njo nilikuwa natafuta jina, chef. Mwiba uliniingia mu muguu. Nilitembea siku nzima, sikusema. Mangaribi ulinisimamisha mbele ya bote, ukasema, muangalie huyu, huyu njo skauti. Nilichechemea wiki tatu. Nilifikiri njo vile banafanyaka."

Seremala yule alivua kofia yake, akaiweka juu ya dawati.

"Nilisema vile?"

"Ndiyo, chef."

Aliipangusa vumbi kwa kiganja. Mwishowe akasema, "Honoré, andika. Itoke. Na Elysée abakie."

Waliandika kwamba hakuna tena jaribio la kunyamaza katika kundi lao, na kwamba msimamizi wa siku atamwona kila mtoto kwa macho yake, hatatosheka na jibu la kiongozi wa kikosi. Kuhusu Joviale, waliamua asiongoze kikosi mpaka mwisho wa muhula. Aliikubali adhabu hiyo, na kusema kweli ilikuwa nyepesi. Iliyokuwa nzito aliisema Elysée walipokuwa wanatoka.

"Mama ya Bintu alikuuliza pia. Lazima asikie toka kwa kinywa yako. Twende, nitakusindikiza."

Théodore aliwafuata bila kualikwa, na Agnès naye akaja.

Hospitalini, Maman Marie-Louise, mama yake Bintu, alikuwa anakunja kanga kando ya kitanda cha mwanawe. Joviale alisema yote akiwa amesimama, bila kuruka kitu. Mama yule aliendelea kukunja kanga ileile, akaifungua, akaikunja tena.

"Nilikuuliza, ukaniangalia mu macho," akasema.

"Ndiyo, maman. Naomba unisamehe."

"Docteur alisema bangemuleta asubuhi, ingekuwa kazi ya kidogo." Aliweka kanga chini. "Nimesikia. Juu ya kusamehe, unipe siku."

Joviale aliinamisha kichwa. Hakuwa na haki ya kudai zaidi ya hapo. Ndipo akasikia sauti ndogo kutoka kitandani.

"Yaya Joviale." Bintu, aliyezoea kumwita yaya kama dada yake mkubwa, alikuwa amekonda, midomo imekauka. "Nilinyamaza mpaka nilianguka. Nilifaulu?"

Joviale alianza kulia. Théodore ndiye aliyepiga goti karibu na kitanda, mifupa ikimlalamikia.

"Hapana, mwanangu. Na kosa haikuwa yako. Ilikuwa yangu, mimi mwenye nilibafundisha vibaya." Alisema polepole, akimtazama Bintu, kisha Joviale. "Musikilize bote babili. Kuvumilia ni kitu ya muzuri. Unavumilia kilima, unavumilia mvua, unavumilia kazi ya nguvu. Lakini mwili ukiumwa, haiko siri ya kuficha. Unasema, hata kama bakubwa banakuambia unyamaze. Na mwenye anaulizwa juu ya mwenzake anasema kweli, hata kama bendera inaenda. Bendera ni kitambaa, tunaweza kushona ingine. Bintu iko mumoja."

Bintu alifikiri kidogo.

"Kwa hiyo jaribio imeisha?"

"Imeisha."

"Naweza kusema?"

"Sema, mwanangu."

"Panauma," akasema Bintu, akishika bandeji yake. "Toka juzi panauma sana."

Agnès alishainua shuka. Kidonda kilikuwa kimevimba na kuwa chekundu pembeni, na bandeji ilikuwa imelowa usaha. "Tunaweza kuitibu, bado mapema," akasema. "Lakini docteur aione sasa."

Hakuhitaji kumtuma mtu. Joviale alikuwa ameshatoka, anakimbia kwenye korido, akiita daktari kwa sauti yake yote.