Daftari la Renata

"Si agonge tu kushoto, Halvorsen huyu? Kushoto kote hakuna mtu," Neil alisema, akitazama mechi ya besiboli uwanjani huku akipaka haradali kwenye soseji yake.

"Kugonga kushoto si kama kugeuza usukani, Neil."

"Renata, hata bibi yangu angeona lile pengo."

Kila Halvorsen, mpigaji wa timu yao, aliposhika gongo, walinzi wa wapinzani, wanaodaka mipira, walihamia kulia, kwa sababu huko ndiko mipira yake inakoenda. Nusu ya mashabiki wa Milwaukee walitaka agonge kushoto, nusu walitaka aupige mpira upite juu ya vichwa vya walinzi. Walizozana kazini, walizozana kanisani.

Renata Wojcik, fundi wa miwani, alikuwa na jibu lake. Kwa misimu sita alikuwa amehesabu kila mpira kwenye daftari.

"Sikiliza. Walinzi wakihama, mrushaji anamtupia mipira ya karibu na mwili. Saba katika kila kumi. Mpira wa hivyo huwezi kuupeleka kushoto hata ukiroga. Dawa ni kuiacha yote. Asubiri ule wa mbali, au mrushaji akikosea mara nne, apewe kituo cha kwanza bure."

"Mchumba wangu profesa," Neil alicheka, akambusu shavuni. Harusi yao ilipangwa kuwa Oktoba.

Wiki mbili baadaye redio moja ndogo ya michezo ikampa Neil nafasi ya kuchambua mechi kila alasiri. Alikuwa fundi wa matairi mwenye sauti nzuri na maneno mengi. Renata alifungulia redio kazini, akiwa na fahari.

"Nimehesabu kwa miaka sita," Neil alikuwa akisema. "Mipira saba kati ya kumi inakuja karibu na mwili."

"Wewe ni hatari, bwana," alisema Gus, mtangazaji. "Umeyatoa wapi haya?"

"Kichwani kwangu tu, Gus. Na daftari langu."

Renata aliiweka chini lenzi aliyokuwa akiisugua. Akaandika ujumbe:

"Daftari lako?"

Jibu lilikuja baada ya kipindi: "Mpenzi, usikuze mambo. Nikisema mchumba wangu ndiye aliyehesabu, nani atanisikiliza?"

Aliusoma mara tatu. Hakulia. Kesho yake alasiri alipiga simu redioni.

"Tuna msikilizaji," alisema Gus. "Nani mwenzetu?"

"Naitwa Renata, wa West Allis. Nina swali kwa mchambuzi."

Neil alikohoa. "Karibu, Renata."

"Mrushaji akiwa wa mkono wa kushoto, ile saba kati ya kumi inakuwa ngapi?"

"Inategemea..."

"Haitegemei. Imeandikwa. Ukurasa wa arobaini na moja."

Gus akauliza, "Neil, unalo daftari hapo?"

"Sina."

"Umelisahau nyumbani?"

Neil angeweza kusema ndiyo, na mambo yakaishia hapo. Alivuta pumzi.

"Si langu, Gus. Ni la huyu unayemsikia. Kila kitu nilichosema hapa wiki hii ni chake. Ni mchumba wangu, na niliona haya kumtaja."

"Nne," Renata alisema taratibu. "Inakuwa nne kati ya kumi. Na hapo ndipo mwenye kutaka agonge kushoto ana haki."

Gus alicheka kwa mshangao. "Dada, Jumatatu una nafasi?"

"Ninayo."

Jioni Neil alimkuta barazani kwake.

"Nimeacha redio," alisema. "Nimerudi kwenye matairi. Nisamehe, Renata."

"Kuiba hesabu ningekusamehe leo. Ila uliandika kwamba jina langu litakuharibia. Hilo ndilo linaloniuma."

"Kwa hiyo Oktoba haipo?"

"Tusogeze hadi Aprili. Nataka kujua unanitajaje nisipokuwepo."

"Utajuaje kama hupo?"

"Mji huu mdogo. Nitajua."

Neil hakubembeleza. Aliitikia kwa kichwa, akaenda zake. Renata aliingia ndani, na hapo ndipo alipolia.

Jumatatu aliketi mbele ya kipaza sauti. Wanaume walipiga simu kumjaribu, akawajibu mmoja mmoja bila kupandisha sauti. Kufikia Septemba walikuwa wakipiga kuuliza.

Siku moja alipiga mzee mmoja, Stanley, wa upande wa kusini.

"Binti, mimi ni wa kugonga kushoto tangu zamani. Leo nimebishana na fundi wa matairi hadi gari likakaa juu ya jeki saa nzima."

"Akakushinda?"

"Akaniambia, 'Mzee, mimi nilikuwa kama wewe. Mwanamke ninayempenda ndiye aliyenifungua macho. Ana akili kuliko mimi, na nilichelewa kulisema. Mpigie Renata.' Ndiyo maana nimepiga."

Gus alimtazama. Renata alifungua daftari.

"Ahsante, mzee. Sasa tuanze na mpira wa karibu na mwili," alisema, akaeleza hadi mwisho bila kukosea namba.

Kipindi kilipokwisha, alitoa simu, akamwandikia Neil ujumbe.

"Ile Jumamosi ya Oktoba, bado ipo?"

Jibu lilikuja kabla hajafika mlangoni.

"Ukumbi sikuufuta. Suti sikuirudisha. Sikuthubutu tu kukuambia."

Walifunga ndoa saa nne asubuhi, ili wageni wawahi mechi ya mchana.