Mwambieni Jovelyn

Kila alfajiri Nenita alipika vitumbua vya mchele. Binti yake Jovelyn, mwenye miaka kumi na mitatu, alivifunga kwenye majani ya migomba. Saa hizo baba, Crisanto, alikuwa ameshatoka na panga lake kwenda kukata miwa. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yao huko Negros, kisiwa cha Ufilipino.

Kisha goti la Jovelyn likavimba. Mkandaji wa kijijini alilikanda miezi miwili, na uvimbe ukazidi. Walipofika hospitali ya mjini, daktari aliwaita wazazi kando.

"Ni saratani ya mfupa," alisema. "Mguu lazima ukatwe."

Nenita alikaa chini sakafuni. Crisanto akasema, "Mtoto asijue. Hofu itamuua kabla ya ugonjwa."

Basi wakamdanganya. "Ni baridi tu ya mifupa, Inday," mama alimwambia, kwa jina la kumbembeleza. "Kunywa uji, binti yangu."

Jovelyn hakunywa. Siku ya tatu wodini aliacha hata kuzungumza. Kila daktari alipopita, wazazi walitoka nje. Waliporudi, macho yao yalikuwa mekundu. Jovelyn aliyaona. Akageukia ukuta.

Nesi Marivic alimkuta Nenita mlangoni na bakuli mkononi.

"Mama, uji huo umepoa mara ngapi leo?"

"Hataki kitu, dada. Nimeishiwa nguvu."

"Anajua mnamficha jambo."

"Ni mtoto huyo!" Crisanto, aliyekuwa nyuma yao, akaja juu. "Wewe umewahi kukatiwa mtoto mguu?"

"Sijawahi, kaka. Lakini nimewaona walioamka wakakuta mguu haupo, na hakuna aliyewaambia. Hawakumwamini mtu tena. Hata mama zao."

Crisanto akalipokea bakuli kutoka kwa mkewe.

"Ninyi si wageni humu," Marivic akasema. "Daktari anaijua saratani. Ninyi mnamjua Jovelyn. Kesho akipita, msitoke. Ulizeni. Msipoelewa, mwambieni arudie. Na mtoto asikie, kwa maneno anayoyaweza. Mimi nitakuwepo."

Kesho yake walibaki. Crisanto alianza, kisha akamgeukia mkewe. Nenita ndiye aliyesema.

"Tulikudanganya, Inday. Ni saratani. Mguu utakatwa."

Jovelyn aligeuka kutoka ukutani.

"Ni kwa sababu nilimpanda nyati?"

"Nyati gani?" mama aliuliza.

"Nyati wa kulimia wa jirani, Mzee Epifanio. Ulinikataza, Nanay. Nikapanda, nikaanguka. Nilidhani ndiyo maana mmenikasirikia, hamtaki kunitazama."

Nenita alijiziba mdomo. Siku zote zile mtoto alikuwa akijihukumu peke yake!

Daktari akavuta kiti. "Saratani haiji kwa kuanguka, Jovelyn. Wala si adhabu. Hukufanya kosa lolote."

Hapo ndipo alipolia. Baba yake alilia naye mbele ya watu wote.

"Nitapona?" Jovelyn aliuliza.

"Hatujui bado. Tutakupa dawa, na tutapiga picha ya mapafu, kuona kama saratani imefika huko. Tutakachokiona tutakuambia."

"Sitaki kuingia chumba cha upasuaji peke yangu."

"Baba atakuwa nawe mpaka usingizi ukuchukue."

Siku hiyo alikunywa uji nusu bakuli.

Mguu ulikatwa Alhamisi. Crisanto alimshika mkono mpaka akasinzia. Alipozinduka, mama alikuwa kando yake. Maumivu yalikuwa makali. Jovelyn aliwatukana wote, akaomba radhi, akatukana tena. Marivic alimfundisha Nenita namna ya kumgeuza na kumwogesha bila kugusa kidonda. Kuanzia hapo Jovelyn hakutaka mikono mingine ila ya mama yake.

Wiki iliyofuata, picha ya mapafu ilitoka. Daktari aliwaeleza wazazi taratibu. Nenita aliegemea ukuta.

"Nimwambie mimi?" daktari aliuliza.

"Hapana," Crisanto akasema. "Ni wangu. Wewe kaa karibu tu, nikikosea unirekebishe."

Waliingia pamoja. Crisanto alikaa kitandani, upande ule uliobaki wazi.

"Inday, majibu yametoka. Si mazuri."

Jovelyn alimpa mkono.

"Sema, Tatay. Yote."