Mguu Mzima wa Fundi Pima

Mtaa huu hakuna anayejua mwili wa binadamu kunishinda mimi. Nimezaa saba na nimekanda viuno vya watu mpaka nikasahau idadi. Ila mume wangu aliungua mguu mbele ya macho yangu, na birika nilikuwa nimeshika mimi.

Mume wangu ni fundi cherehani. Wanamwita Pima, maana hakati kitambaa mpaka akipime mara tatu. Mwaka jana mguu wake wa kulia ulianza kulegea. Kwenye pedali ya cherehani unateleza. Njiani anauburuta kama mtoto aliyeitwa kuoga. Nilimwambia ni uzee, akanikumbusha nani mkubwa kati yetu.

Nikamwandalia beseni la maji ya moto aloweke mguu mgonjwa. Pima akatanguliza wa kushoto, kupima joto. Huo ndio aliouamini.

"Vuguvugu tu, bibi. Ongeza."

Nikaongeza mara mbili. Alipotia wa kulia aliruka, beseni likapinduka. Tukautazama wa kushoto, ule mzima. Umetoka malengelenge kama vifungo vya koti, naye hasikii kitu.

Mpangaji wetu wa chumba cha mbele ni muuguzi. Alikuja mbio, akamwagia mguu maji baridi kwa muda mrefu, kisha akamwambia Pima amsukume mkono kwa kila mguu. Wa kulia haukuwa na nguvu. Akaketi, akaomba uzi.

"Baba, ndani ya mifupa ya mgongo kuna fungu la neva, kama nyuzi hizi," alisema. "Nyuzi za amri zinashuka kutoka ubongoni. Mgongoni zinapita upande uleule wa mguu zinaoutuma. Nyuzi za joto na maumivu zinatoka mguuni. Zikiingia mgongoni zinavuka upande wa pili, ndipo zinapanda kichwani. Kitu kikibana upande wa kulia, mguu wa kulia unalegea. Wa kushoto unaacha kusikia moto."

Pima alielewa kabla yangu. "Kumbe kasoro ni moja, inaonekana pande mbili."

"Moja, tena haingoji. Twende hospitali sasa hivi. Tukichelewa, mguu unaweza usirudi."

Pima akataja sare za shule ambazo hajamaliza. Nilimwambia wenye sare watangoja, maana mimi sina mgongo wa kumbeba.

Hospitali walikuta uvimbe unabana neva, wakautoa. Mwezi wa nne mguu wa kulia ulikanyaga pedali tena, na sare zikashonwa. Wa kushoto ulikuwa bado unasinzia. Muuguzi akatuwekea masharti: maji yapimwe kwa kiwiko, miguu ikaguliwe kila jioni, na pasi ya mkaa ikae mbali na miguu ya fundi.

Pima alichoshwa na sharti la pasi. Jana alimwambia muuguzi mguu umepona kabisa, hata unyoya anausikia. Muuguzi akanituma vijiko viwili, kimoja cha maji ya moto kiasi, kimoja cha baridi. Akamwambia Pima afumbe macho, ataje kila anachoguswa nacho.

"Moto," alisema Pima bila kusita. "Sasa baridi. Hapo tena moto."

Muuguzi alinitazama, nami nikamtazama. Nilikuwa bado nimesimama mlangoni, vijiko vyote viwili mkononi mwangu.