Niliandika Kwamba Gari Linakula Mafuta

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tano, na tunakaa mteremkoni Kibuli, karibu na msikiti. Ukinikuta njiani ukanisalimia, nitaitikia nikiangalia viatu vyangu. Ndivyo nilivyo. Darasani nikijua jibu naliandika pembeni ya daftari, sinyooshi mkono. Mambo yangu yote naandika... na kuandika huko ndiko kulikoniponza.

Haya ninayowaeleza, wasomaji wenzangu, nimeyasema kwa mdomo mara moja tu. Nivumilieni.

Baba alikuwa dereva wa polisi kwa miaka mingi. Mtaani mpaka leo anaitwa Afande. Alipostaafu, sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake aliiweka kwenye gari moja: gari refu la petroli, rangi ya majani makavu, lenye viti vya nyuma vya kukunja. Mama anakodisha sufuria, mikeka na mahema ya harusi, na Baba ndiye aliyevibeba. Sisi ni Wanubi. Ndugu zetu wengi wako Bombo, na harusi za Bombo haziishi! Gari lile liliondoka na sufuria zikigongana nyuma kama ngoma, likarudi limebeba mabaki ya pilau na wajomba wawili watatu. Tulikula kwa gari lile. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye gari lile.

Sasa, polisini gari halitoki bila wokitiketi. Ni daftari la safari. Dereva anaandika ametoka wapi, amekwenda wapi, amewekewa lita ngapi, kisha anatia sahihi. Baba alivua sare lakini wokitiketi hakuiacha. Alinunua daftari jeusi la jalada gumu, akanikabidhi mimi kwa sababu ya mwandiko wangu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Akaniita Karani.

Kila jioni tulikaa barazani, yeye akitaja, mimi nikiandika, halafu anatia sahihi chini bila kusoma. Bila kusoma! Kwa Baba, kilichoandikwa kwenye wokitiketi kimetokea, na kisichoandikwa hakikutokea.

Saa ya kilomita ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo tulihesabu kwa safari. Lita ishirini zilitupeleka Bombo na kuturudisha, kisha zikabaki za kwenda sokoni Nakivubo mara nane. Ilikuwa hivyo miaka yote.

Mwaka jana mambo yakabadilika. Safari za Nakivubo zikawa sita. Zikawa nne. Ikafika wiki moja gari likazimika kwenye foleni na sufuria za watu ndani, na kulingana na daftari langu lilipaswa kuwa na mafuta ya siku tatu.

Baba alifungua boneti, akainamisha sikio juu ya injini kama daktari. Alisikiliza sana. Kisha akasema, "Injini haisemi hivyo." Alikagua bomba, akakagua tangi, hakuna tone chini. Akarudi barazani akaniomba nimsomee tena. Nikasoma. Akatikisa kichwa.

Mimi nilikuwa sijui bado. Naapa.

Nilijua siku ya Jumanne, alfajiri. Baba alikuwa ameshapanda msikitini kuswali. Nilitoka kuchota maji, nikamkuta kaka yangu Sudi amechuchumaa kando ya gari na mpira mdomoni, anavuta petroli kwenye chupa za maji ya kunywa. Chupa nne zilikuwa zimeshajaa, zimepangwa vizuri ukutani.

Lazima niwaeleze Sudi ni nani kwangu. Ana miaka ishirini na mitatu, na tangu utotoni alikuwa mdomo wangu. Dukani aliniagizia. Zahanati alimwambia daktari ninaumwa wapi. Siku ya kwanza sekondari, mwalimu aliponiuliza jina nikashindwa kulitoa, Sudi ndiye aliyelitaja. Mtu kama huyo ukimkuta anaiba, unafanya nini?

Alitema petroli, akapangusa midomo, akaniuliza kwa upole, "Hawa, kwani umeniona?"

Nikasema sijamwona.

Alinieleza yote pale pale. Karo ya chuo aliyopewa na Baba ilikwisha kwenye kubeti mpira. Alikuwa anauza petroli kwa vijana wa stegi ya boda, wale wa pikipiki za abiria, ili airudishe kidogo kidogo. Akiimaliza, ataacha. Nikamuuliza wokitiketi je? Nitaandika nini?

"Andika tu gari inakula," akasema. "Gari haina roho. Itaumia wapi?"

Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo... nilicheka!

Jioni ile niliandika pembeni, kwa mwandiko wangu mzuri: Gari linakula mafuta. Baba akatia sahihi. Wiki iliyofuata nikaandika tena. Sikuona ubaya mkubwa. Sikumsingizia mtu, nilisingizia chuma. Nani atakwenda jela kwa sababu ya chuma?

Lakini Baba alikuwa anafikiri. Miaka yote aliyofanya kazi ilimfundisha kwamba dereva anaweza kudanganya na sikio linaweza kuzeeka, lakini wokitiketi haina makosa. Mwishoni alisema labda ni sikio lake lililozeeka. Akaanza kuulizia magari madogo yanayotumia betri na petroli pamoja. Kila mtu akamsifia. Jirani akasema lake anaweka mafuta mpaka anasahau tangi liko upande gani.

Sudi alifurahi kuliko wote. Aliniahidi, mkono juu ya Kurani ndogo ya Haboba, bibi yetu, kwamba gari kubwa likiondoka tu, atamwambia Baba kila kitu mwenyewe. Nikamwamini. Ningeachaje kumwamini?

Baba alinichukua mimi kwenda bondi ya magari, kule yanakouzwa yaliyotoka ng'ambo, kwa sababu Karani lazima awepo na daftari lake. Muuzaji alikuwa kijana wa shati la kubana, akapiga kofi juu ya gari dogo jeupe. "Mzee, hii hainywi. Hii inanusa tu."

Baba aliomba liwashwe asikilize. Likawashwa. Kimya. Akainamisha sikio, akangoja, kimya vile vile. Nilimwona anavyosumbuka, kama mtu aliyeletewa mgonjwa asiyesema anaumwa wapi.

Akanigeukia. "Karani, wewe unasemaje?"

Muuzaji akanitazama. Watu wawili waliokuwa wakipiga bei pembeni wakanitazama pia. Uso ukanichoma. Maneno yalikuwapo, yalikuwa hapa kooni: Baba, gari lako ni zima. Maneno matano tu! Nikafungua daftari nikaangalia chini.

"Tiketi inasema hivyo, Baba."

Ikawa imekwisha. Alitoa gari letu na kuongezea kile kilichobaki cha kiinua mgongo. Kabla ya kukabidhi ufunguo alitoa tasbihi yake kwenye kioo, akapangusa usukani kwa leso, taratibu, mzunguko mzima. Mimi nilisimama pale na daftari kifuani.

Nitasema haki: gari jipya lilinusa kweli. Lita ishirini zilikaa mpaka tukashangaa. Mwezi wa kwanza Baba alitabasamu akitia sahihi. Haboba peke yake ndiye aliyelikataa. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa sukari, na kumwingiza mle ilikuwa kazi ya watu wawili. "Hiki ni gari au ni kiatu?" alituuliza. "Kama ni kiatu, nileteeni cha pili."

Tulicheka. Kisha ikaja harusi ya kwanza ya Bombo.

Sufuria kubwa hazikuingia. Mahema hayakuingia. Baba alikwenda Bombo na kurudi mara tatu kwa mzigo ambao zamani ulikuwa safari moja, na sufuria za mwisho zilifika wageni wameshakaa wanasubiri chakula. Mama alifokewa mbele ya wakwe wa watu. Niliandika jioni: Bombo, Bombo, Bombo. Nikajumlisha lita. Zilizidi za gari kubwa!

Wateja wakaanza kupungua. Mwenye harusi hataki kusikia habari za petroli, anataka sufuria saa mbili asubuhi. Mama akabaki anakodisha mikeka ya hitima za jirani. Gari likawa linakaa uani siku tatu, nne, na tangi limejaa. Mafuta hayakwishi, ndiyo... lakini gari lisilo na kazi litayamaliza wapi?

Na Sudi? Mpira wake haukuingia kwenye tangi la gari jipya. Nilimkumbusha ahadi yake mara ya kwanza, akasema Ijumaa. Nikamkumbusha tena, akasema nisimharakishe. Siku moja nilirudi shule nikakuta kitanda chake kimetandikwa, na hapo nikajua, maana Sudi hajawahi kutandika kitanda. Alikuwa amepanda basi la Juba na rafiki yake. Simu haipatikani. Aliondoka na mdomo wangu, akaniachia uongo wetu peke yangu.

Haboba alifariki Alhamisi asubuhi. Alitaka kuzikwa Bombo, karibu na babu, na kwetu maiti huzikwa siku hiyo hiyo. Jeneza la msikiti lililetwa uani. Wanaume wakalitazama, kisha wakalitazama gari letu jeupe. Baba alikuwa amesimama na ufunguo mkononi. Miaka yote alibeba maiti za watu wa mtaa huu bila kudai chochote, na sasa hakuweza kumbeba mama yake mzazi!

Mtu mmoja akapiga simu Nakivubo. Baada ya muda nikasikia gari linapanda mteremko, na kabla sijaliona nilijua. Baba naye alijua. Aligeuka kabla ya watu wote.

Lilikuwa lile lile, rangi ya majani makavu. Mwenyewe sasa ni Hajji Kasule, mfanyabiashara wa magodoro pale Nakivubo, Muganda mpole mwenye tumbo, aliyelinunua pale bondi. Alikunja viti vya nyuma, Haboba akalazwa, na Baba akakaa kiti cha abiria katika gari lake mwenyewe.

Baada ya siku tatu za matanga, Hajji alirudi Bombo kutuchukua na vyombo vyetu. Mimi na Mama tulikaa nyuma. Tulipokaribia mjini, Baba akamwomba asimame kituoni amwekee petroli, japo ya shukrani.

Hajji akacheka kidogo, akajibu kwa Kiswahili chake cha Kiganda. "Afande, mafuta ya nini? Hii gali naweka lita ishilini, nakwenda Bombo, naludi, Nakivubo nazunguka wiki mzima, bado iko. Hii gali haikuli mafuta." Akapiga usukani. "Nani alikudanganya ukaiuza?"

Baba alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande wa injini, anasikiliza. Mimi nilijiona nazama kwenye kiti.

Nyumbani hakuvua hata kofia. Alikaa barazani akaomba wokitiketi. "Soma, Karani."

Nilisoma. Nilipofika kwenye neno linakula, sauti ikakatika. Nikalia, na katikati ya kilio nikamwambia yote: mpira, chupa, kubeti, ahadi. Mama alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza swali moja tu.

"Siku ile kwenye bondi, nilipokuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Baba."

Kisha Baba akasema, kama anajisemea, "Injini iliniambia. Mimi nikaamini karatasi."

Akanipa kalamu. Niliandika kwenye mstari unaofuata: Gari lilikuwa zima. Mafuta yaliibwa. Mimi niliona, nikaandika uongo. Nikamsogezea atie sahihi kama siku zote.

Hakutia upesi. Alivaa miwani, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma neno kwa neno mpaka nukta. Ndipo akatia sahihi. Tangu niwe na miaka kumi na miwili, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusoma nilichoandika.

Hakunipiga. Hakunifokea. Chai ananiletea nikisoma, na ada anahangaika nayo bado. Ila daftari jeusi analiandika mwenyewe sasa, kwa herufi zake kubwa zinazopanda na kushuka. Na haniiti tena Karani. Ananiita Hawa. Ni jina langu, ni jina zuri... lakini kila akiliita, nasikia lile jingine likinyamaza.

Wasomaji wenzangu, nawasihi kwa moyo wote. Ukisikia gari lako linakula mafuta, usikimbilie bondi kufuata linalonusa. Uliza kwanza anayekula ni nani. Halafu jiulize gari lako linabeba nini, maana mafuta utayaokoa, na kazi je?

Na wewe mwenye haya kama mimi, unayejua ukweli na unaangalia viatu: siku utakayoulizwa mbele ya watu, sema, hata kama sauti itatetemeka. Mimi niliogopa macho ya wageni watatu kwenye bondi. Sasa kila jioni nakaa barazani namtazama Baba anavyohangaika na kalamu, na siwezi kumwambia niletee, nikuandikie.