Neno la Mwisho la Tatsumi

Kwanza ilikuwa pumzi tu. Eisuke alikuwa jukwaani, saa saba mchana, kwenye ukumbi wa nyumba ya maji moto nje kidogo ya Osaka, akiwaimbia wazee waliotoka kuoga, ambao walikuwa wanakula tambi na kumpa visogo. Kanda ya muziki ikafika mahali penye kimya, pale sauti ya mwenzake ilipofutwa. Ndani ya kimya kile mtu akavuta pumzi.

Wimbo wenyewe ni upuuzi. Mpumbavu anatafuta mwavuli wake. Ameuacha kwenye treni, ameuacha kwa kinyozi, ameuacha kwa mama mkwe. Kila ubeti ukiisha, mwenzake anamchapa kofi la kisogo na kumwambia, "Si huo mkononi, we mjinga!" Mwisho kabisa mwenzake anasema, "Inatosha, bwana," wote wawili wanainama, kazi imekwisha. Ndivyo wachekeshaji wa wawili wawili wanavyofunga mchezo kule. Mpumbavu hana ruhusa ya kujimaliza. Anamalizwa na mwenye akili.

Mwenye akili alikuwa Tatsumi, na Tatsumi alikuwa amezikwa tangu baridi iliyopita. Eisuke alikwisha kuzoea kujichapa mwenyewe na kujijibu mwenyewe, wala hakuna aliyecheka. Ila mpaka leo alisimama upande wa kushoto wa maikrofoni, akaacha kulia pakiwa wazi. Miguu ilikuwa imezoea hivyo.

Siku ile walicheka, na yeye hakuwa amenyanyua mkono wala kujijibu.

"Mwalimu," Mineko, fundi wa sauti, alimnong'oneza nyuma ya pazia, "nani alikujibu?"

"Kanda hiyo."

"Kanda haina kitu pale. Si nilifuta mwenyewe, na wewe umenisimamia? Halafu hii harufu ya plasta inatoka wapi?"

Eisuke alikuwa ameisikia. Tatsumi alibandika plasta za maumivu mabegani maisha yake yote, na chumba chao cha kuvalia kilinuka duka la dawa tangu walipokuwa vijana.

"Funga mdomo wako, Mineko," alisema polepole. "Walicheka. Umesikia walivyocheka?"

Hapo ndipo mtu huyu anaponichukiza. Mwingine angekimbia. Yeye alifurahi. Kesho yake kofi likampata kweli kisogoni, akapepesuka, ukumbi ukaangua kicheko, naye akaenda kujitazama kwenye kioo alama za vidole vitano vyekundu huku akitabasamu. Wiki ya pili viti havikutosha. Wazee walisema Eisuke amezeeka vizuri, anajua kuigiza kama kuna mtu pembeni.

Wiki ya tatu kanda ikaisha, yeye hakuisha.

Muziki ulikuwa umezima, Mineko alikuwa anamkonyeza atoke, na Eisuke akasikia mdomo wake ukianza ubeti ambao hakuna aliyewahi kuutunga. Mwavuli wangu nimeuacha hospitali, mlangoni, mwenzangu kalala ndani na mdomo umepinda, nami sikuingia. Kofi. Kicheko. Mwavuli wangu nimeuacha kwa kampuni ya rekodi, nikawaambia huyo hafai tena, nitaimba peke yangu. Kofi. Mwavuli wangu nimeuacha studio siku ya kurekodi, Jumanne, na mwenzangu nilimwambia ni Alhamisi. Kofi lile lilimwangusha magotini, na wazee wakapiga meza kwa vijiti vyao, machozi ya kicheko yakiwatoka, maana kila neno lilikuwa kweli na hakuna aliyejua. Aliimba nusu saa nzima. Ilibidi Mineko ashushe pazia, wapishi wawili wakamshika, na bado midomo ilikuwa inakwenda.

Alikaa nyumbani. Haikusaidia. Saa saba ilipofika mdomo ulifunguka wenyewe, akaimba bafuni mpaka akatema damu. Mtawa wa hekalu aliitwa, akafukiza ubani, akasoma maombi yake kwa sauti nzito. Saa saba ikafika, ubeti wa kwanza ukaimbwa, kofi likalia ndani ya chumba kitupu, na mtawa naye akacheka. Aliona aibu sana. Akakusanya vitu vyake.

"Mzee wangu, huyo sikumwita mimi wala sitaweza kumfukuza," alisema akivaa viatu. "Atatoka akisema mwenyewe kwamba imetosha."

Basi Eisuke akaenda kwa Fusae, mjane wa Tatsumi. Hakuwa amekanyaga pale tangu Tatsumi apigwe na kiharusi. Hata siku ya mazishi alikuwa na onyesho. Alipiga magoti sebuleni, paji la uso kwenye mkeka, mbele ya picha ya marehemu.

"Shemeji, nisamehe."

"Mimi?" Fusae alikuwa anamenya tunda, hakusimamisha kisu. "Mimi hukunikosea kitu, Eisuke. Unajua ile Alhamisi alivaa suti ya jukwaani? Nikamfunga tai mwenyewe. Alikaa kwenye benchi la studio mpaka mfagiaji akaja kuzima taa. Akarudi, akaniambia labda amesikia vibaya siku."

Eisuke hakuinua kichwa.

"Kwa miezi minne kabla ya hapo alikuwa anajizoeza mbele ya kile kioo. Neno moja tu. Inatosha. Inatosha. Mate yanamtiririka, anafuta, anaanza tena. Alikuwa ameshalipata, bwana. Lilikuwa linatoka safi kabisa." Akakata kipande cha tunda, akakiweka mbele ya picha. "Kamwombe mwenyewe. Mimi usinipigie magoti."

Alirudi jukwaani Jumanne. Mineko alimsihi asipande, akapanda. Aliimba treni, kinyozi na mama mkwe, aliimba hospitali na kampuni na benchi la studio, na makofi yakaja moja baada ya jingine mpaka shingo ikafa ganzi, na harufu ya plasta ikajaa hadi ikamchoma macho, na damu ikaanza kukolea chumvi ulimini, na watu wakacheka kuliko alivyowahi kusikia watu wakicheka hata enzi za ujana wao, ndipo akageuka kulia, akapiga magoti mbele ya nafasi iliyo wazi, akainamisha kichwa mpaka kwenye mbao.

"Tatsumi," alisema, sauti ikiwa imebaki upepo tu. "Ndugu yangu. Nilikuhofia. Walikuwa wanachekeshwa na wewe, si mimi. Tangu mwanzo ni wewe. Sema neno lako, tuiname, twende nyumbani."

Wazee wakashusha vijiti. Mineko, mkono kwenye kamba ya pazia, aliona maikrofoni ikiinama kidogo upande wa kulia, kama inavyoinama mtu mfupi akiivuta. Tatsumi alikuwa mfupi.

Sauti ikatoka kwenye spika zote, taratibu, kwa mdomo uliopinda.

"Njoo Alhamisi."

Walicheka mpaka bakuli zikaanguka. Kamba ya pazia ilikwama mkononi mwa Mineko, pazia halikushuka, na Eisuke, akiwa bado magotini, akaanza ubeti mwingine.