Rangi kwenye Nguzo za Bibi Eulalie

Kila alasiri akitoka shule, Odile Dardar alimkuta bibi yake chini ya nyumba, akimenya kamba. Sisi wa Dulac, pwani ya Louisiana, nyumba zetu zimeinuliwa juu ya nguzo ndefu kwa sababu ya vimbunga, na huko chini ndiko tunakopunga upepo. Mafuriko yakipita, Bibi Eulalie huchonga kwa kisu alama kwenye nguzo pale maji yalipofika, na mwaka wake.

Siku hiyo bibi hakumenya chochote. Alikuwa ameshika barua.

"Bima ya nyumba imepanda tena," alisema. "Mwaka jana dola elfu nne, sasa wanataka elfu tisa. Nizitoe wapi, mjukuu wangu?"

"Si tuache kulipa?"

"Kimbunga kikiezua paa, nani atatujengea? Jumamosi mkaguzi wa bima anakuja. Asipotupunguzia, nauza nyumba, tunahamia kwa mjomba wako Texas."

Moyo ulimuuma Odile, maana nyumba hiyo ndimo alimozaliwa. Akawaza kwamba mkaguzi akiziona zile alama za maji, basi wamekwisha. Ijumaa jioni, bibi alipokwenda kanisani, akachukua kopo la rangi nyeupe akazipaka nguzo zote. Maskini, alidhani anasaidia.

Kesho yake mkaguzi, Bwana Trosclair, aligusa nguzo, kidole kikatoka cheupe.

"Mama, nyumba ya siku nyingi hivi, nguzo zimepakwa rangi jana? Kuna kitu mnanificha. Nikiandika hivyo, kampuni itawafutia bima kabisa."

Bibi alimgeukia mjukuu wake. Odile aliona aibu hadi machozi yakamtoka.

"Ni mimi," alisema. "Nimeficha alama za maji. Bibi hajui lolote."

"Si ungeniuliza kwanza, mwanangu," bibi alisema kwa upole, akamletea kisu.

Odile alikwangua rangi mpaka alama zikaonekana. Ya juu kabisa ilimfika mkaguzi kifuani. Bwana Trosclair akapima kutoka hapo kwenda juu hadi sakafu ya nyumba: mita moja na nusu.

"Tangu nyumba iinuliwe, maji hayajaingia ndani?"

"Hata tone," bibi alijibu.

"Basi hizi ndizo nilizokuwa nikizitafuta. Kampuni inaihesabu nyumba hii kana kwamba bado iko chini, na alama hizi zinaonyesha maji hayaifikii."

Baada ya wiki tatu barua nyingine ilikuja: dola elfu tano. Bibi alinung'unika kwamba bado ni ghali, lakini hakuuza nyumba.

"Sikiliza, Odile," alisema. "Paa likiezuliwa watakuja tena kukagua. Wakigundua uliwadanganya, hawakulipi hata senti, na wewe umelipa miaka yote hiyo. Ukweli wetu haukuwa na ubaya wowote, mwanangu. Tulikaribia kupoteza nyumba kwa kuuonea haya."