Mgongo Kwenye Picha

Picha ya kwanza kuingia kwenye simu ya Mama Fremu ilimwonyesha mumewe akiwa ameishika kamera ileile iliyompiga. Amesimama katikati ya studio, jicho moja amelifumba, kamera usoni, na mbele yake mteja wa picha ya pasipoti amekaa wima kwenye kigoda. Sasa, kamera haijipigi picha yenyewe, hilo hata mtoto analijua. Lakini studio yao ilikuwa na vioo ukuta mzima, maana mume alipiga picha na mke alitengeneza fremu, za picha na za vioo pia. Mama Fremu akasema ni kioo tu kimeleta mambo yake, akaifuta, akaendelea na gundi yake.

Kamera hiyo walikuwa wameinunua kwa mtu aliyekuwa anahama na hakutaka kuibeba. Mume, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheka Kidogo kwa sababu ndivyo alivyomwambia kila aliyekaa mbele yake, hata aliyefiwa juzi, aliipenda kwa jambo moja: ilirusha picha kwenye simu bila waya. Zamani ilibidi kuchomoa kadi, kuitia kwenye kompyuta, kompyuta igome, mteja anune. Sasa kamera iliwasha mtandao wake yenyewe, simu ikaudaka, na kabla mteja hajafungua vifungo vya koti la kuazima, picha imeshafika kwa Mama Fremu, tayari kusafishwa na kutumwa.

Kuviunganisha vifaa hivyo viwili ilikuwa kazi ya Mama Fremu. Cheka Kidogo alijua mwanga na vivuli, lakini simu zilimpiga chenga. Simu ikauliza maswali yake. Kamera iruhusiwe kuona picha zote? Iruhusiwe kujua ulipo? Iruhusiwe kukaa karibu nawe hata usipoiita? Mama Fremu alikuwa na gundi vidoleni na mteja mlangoni. Akabonyeza ruhusu, ruhusu, ruhusu, kama tunavyobonyeza sisi sote, bila kusoma hata neno moja.

"Tayari?" mume akauliza.

"Tayari. Usiniletee tena visingizio vya kadi."

Wiki haikuisha, ikaingia picha ya mwanamke. Alikuwa amesimama palepale studio, ameipa kamera mgongo, karibu sana na Cheka Kidogo, karibu kama mtu anayenong'ona. Gauni la kijani limemkaa kiunoni barabara, nywele kazibana juu, shingo iko wazi. Na Cheka Kidogo alikuwa anacheka, tena si kidogo.

Mama Fremu aliikuza kwa vidole viwili mpaka ikawa ukungu mtupu.

"Nilipokwenda kuchukua vioo, alikuja mteja wa kike?"

"Hapana. Wamekuja wanafunzi tu, wale wa vitambulisho. Kwani vipi?"

"Nauliza tu."

Alimjibu upesi. Upesi mno, Mama Fremu aliona. Wala hakugomba. Wivu wake haukuwa wa kelele, ulikuwa wa kukaa kimya na kunusa, na kweli alianza kunusa mashati. Yalikuwa na harufu ngeni, kama ya kiberiti kilichozimwa sasa hivi, na kwa kuwa mtu akishashuku hata moshi huugeuza manukato, alilala akijiuliza ni mwanamke gani anayejipaka uvundo kama ule, na mume wake amempendea nini.

Picha zikazidi kuingia. Mwanamke kwenye kaunta. Mwanamke kwenye sinki, kama anayeosha mikono. Mwanamke ameegemea pazia jeupe la pasipoti. Gauni lilelile, mgongo uleule, uso hata mara moja. Kila mara Cheka Kidogo alikuwapo karibu, na kila mara alipoulizwa kwa kuzungukazunguka alishangaa kama mtu asiyejua kitu. Mama Fremu akaziweka picha zote. Alisubiri apate moja yenye uso, amtie nayo mumewe machoni.

Jumapili mchana, studio ikiwa imefungwa, alikuwa nyumbani akikunja nguo sebuleni. Mume alikuwa ametoka kwenda kunyoa. Kamera ilikuwa kabatini kule studio, ufunguo wa kabati uko kwenye pochi ya Mama Fremu mwenyewe, na mtandao wa kamera ile haukuwahi kuvuka hata barabara. Simu ikalia. Picha imeingia.

Ilikuwa chumba chao cha kulala. Kitanda, na shuka la maua alilolitandika asubuhi ileile. Na ukingoni mwa kitanda, mwanamke wa gauni la kijani amekaa, mgongo huu hapa.

Kisha kutoka chumbani, nyuma ya mlango uliokuwa umerudishiwa tu, ikasikika kacha, ile sauti ya kamera inayofumba na kufumbua.

Mama Fremu alisimama na shati mkononi, akataka kukimbia nje na hapohapo akataka kuingia amkamate, na miguu ikachagua kuingia kabla hajaamua, akausukuma mlango kwa ncha za vidole, akaona chumba kitupu, dirisha limefungwa, pazia limetulia, hakuna mtu nyuma ya mlango wala uvunguni, ila ile harufu ya kiberiti ilikuwa nzito kiasi cha kukwaruza koo, na pale ukingoni mwa kitanda godoro lilikuwa limebonyea, likawa linainuka polepole, polepole, kama linavyoinuka mtu mzito anapoliacha.

Akaanza kufungua makabati. Hakujua anatafuta nini. Katika droo ya mumewe, chini ya suruali, akakuta bahasha ya dukani, na ndani yake gauni la kijani.

Hofu yote ikageuka hasira, na kusema kweli alishukuru, maana hasira alikuwa anaijua. Cheka Kidogo alirudi na kichwa kinachong'aa, akalikuta gauni limetandazwa juu ya meza.

"La nani hili?"

"Ah! Mke wangu, ungevumilia kidogo tu. Lako hilo. Nilikuwekea zawadi ya kumbukumbu ya siku tuliyooana."

"Langu, na mwenzangu ameshalivaa?" Akamsukumia simu kifuani. "Tazama. Tazama vizuri halafu uniambie tena ni wanafunzi wa vitambulisho."

Cheka Kidogo alitazama picha ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Huyu ni wewe," akasema.

"Sijawahi kulivaa hili gauni!"

"Ni wewe. Mgongo wako siujui? Tazama hapa, chini ya nywele. Kovu lako la harage."

"Kovu gani?"

Kumbe hakuwahi kuambiwa. Nani anaujua mgongo wake mwenyewe? Mama Fremu akachukua kioo kimoja akakiegemeza ukutani, kingine akakishika mkononi, akazibana nywele juu, akageuka mpaka akapata. Lilikuwapo, dogo, la mviringo, kama harage limebandikwa. Akashusha pumzi. Hakuna mwanamke mwingine! Alicheka, mume naye akacheka, wakashikana mikono kama wachumba. Halafu macho yao yakaliangukia gauni. Lebo ya duka ilikuwa bado inaning'inia kwapani, na uzi wake haujakatwa.

Kesho yake Cheka Kidogo aliichukua kamera studio, akamleta mganga nyumbani. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mwenye miwani na mkoba kama wa mwalimu, na hakutaka kiti. Aliziangalia picha zote akiwa amesimama.

"Nani alikiruhusu kitu hiki?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Simu iliuliza," Mama Fremu akasema. "Nikabonyeza tu."

"Jini huyu haingii asipokaribishwa. Mgongo ameshaupata. Kiuno ameshakipata, na mwendo wako pia. Uso je, mnauona popote?"

"Hapana," walijibu pamoja.

"Basi huo ndio alioubakiza. Akiupata, hatakuwa na haja ya kukaa kwenye picha."

"Anataka nini kwangu?" Mama Fremu alinong'ona.

"Nafasi yako, mama. Huyu baba, kitanda chenu, na jina unaloitwa. Ndiyo maana anakutia shaka. Anajua ukishuku utachungulia."

Alisoma maneno yake juu ya kamera kwa muda mrefu, akitokwa jasho, mpaka kioo cha lenzi kikapasuka chenyewe na harufu ya kiberiti ikatoka kwa mkupuo dirishani. Akaivingirisha kamera kwenye kitambaa, akaitia mkobani. Picha zilizokuwa kwenye simu zilikataa kufutika. Kila walipozifuta zilirudi. Basi akamwambia Cheka Kidogo aziweke kwenye albamu yenye kufuli, kwa namba anayoijua yeye peke yake.

"Zitafifia zenyewe. Mpaka hapo, mama, usizitafute."

Mlangoni mganga alimnong'oneza Cheka Kidogo jambo, na Mama Fremu aliona mumewe akiitikia kwa kichwa.

Siku zikapita kwa amani. Mashati yakanuka sabuni. Cheka Kidogo akaazima kamera ya zamani, ile ya kadi, na wala Mama Fremu hakulalamika. Lakini ule mnong'ono wa mlangoni ulimkaa rohoni. Kwa nini namba aijue mume peke yake? Na lile kovu? Yeye mwenyewe kila siku alifuta makovu ya watu kwenye simu ile, na kuongeza moja ni kazi ya kufumba na kufumbua. Mtu aliyejua kwamba mkewe ana kovu shingoni angeweza kuchukua mwanamke yeyote akambandika. Si kweli kwamba simu zilimpiga chenga, labda alijifanya tu! Na yule mganga, kiuno chake je? Nani alimwona akija, nani anajua anakokaa? Alijua anafanya ujinga. Alijua pia kwamba hatalala tena mpaka ajue.

Jioni moja mume akiwa jikoni anachemsha chai, akachukua simu, akaketi sebuleni, akajaribu namba. Ikakataa. Akajaribu nyingine. Chini ya kioo yakatokea maandishi madogo: Thibitisha ni wewe.

Akainua simu mbele ya uso.

Duara likatokea, likauzunguka uso wake. Sogea karibu. Akasogea. Geuka kushoto. Akageuka. Geuka kulia. Fungua macho zaidi. Sema neno.

"Ni mimi," akasema Mama Fremu.

Umetambuliwa. Asante.

Albamu ikafunguka. Picha zote zilikuwamo, hazijafifia hata kidogo: studio, kaunta, sinki, pazia jeupe, kitanda chenye shuka la maua. Cheka Kidogo alikuwa anacheka na hewa. Mwanamke hakuwamo hata katika moja.

Harufu ya kiberiti ikamjia kutoka jikoni.

"Sukari niweke ngapi?" mumewe akauliza kule.

"Mbili tu, mume wangu," ikajibu sauti ya Mama Fremu, tamu, bila haraka, na Mama Fremu alikuwa hajafungua mdomo. Alipoufungua ili apige ukelele hakuna kilichotoka, hata pumzi, akajaribu tena, akajaribu kuinuka na magoti hayakumtii, akajishika usoni na vidole vikapita juu ya ngozi laini, tambarare, bila pua, bila midomo, na simu ikamponyoka ikaanguka sakafuni kwa kishindo.

Jikoni kijiko kikaacha kukoroga.

"Nani yuko sebuleni?" Cheka Kidogo akauliza.

"Hakuna mtu," mke wake akamjibu. "Kunywa chai yako."